Nyumba Njema si Mlango: Kabla Hujampeleka Mzazi Makao ya Wazee

Kwetu Pwani, ukisema barazani kwamba unafikiria kumpeleka mamako makao ya wazee, watu hunyamaza. Mmoja ataguna, mwengine atauliza, "Yaani mmemshindwa, na wingi wenu wote huo?" Nami nilikuwa katika waliokuwa wakiguna, mpaka yalipotufika.

Mamangu mkubwa alianguka chooni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali hakuweza tena kusimama peke yake, na kumbukumbu zilikuwa zimeshaanza kumtoka. Usiku akiwaita watu waliokufa zamani. Wanawe wawili wako Ghuba, wa tatu yuko hapa lakini afanya kazi ya zamu. Msichana tuliyemuajiri alikuwa na moyo mzuri, ila hakufunzwa kumuinua mgonjwa, na mara mbili walianguka pamoja. Tukatafuta makao. Tuliyoyachagua yalikuwa na bustani, vigae vinavyong'aa na meneja mwenye maneno matamu. Wiki ya tano, nikimbadilisha shuka mwenyewe, nikaona kidonda juu ya makalio, kimechimbika hata kidole gumba kingeingia. Hakuna aliyetwambia. Tulimtoa siku ile ile.

Hatukukosea kutafuta msaada. Tulikosea kutazama mlango tu. Haya ndiyo ambayo natamani mtu angenieleza kabla.

Anza na karatasi

Uliza makao yamesajiliwa wapi, na utake kuona kibali. Wakikwambia wanatoa matibabu, jua kwamba vituo vya matibabu nchini hupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Tazama leseni hiyo inakwisha lini. Muuguzi naye ni lazima awe amesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na awe na leseni isiyopitwa na wakati. Omba jina na nambari yake uthibitishe. Wengi utakaowaona na sare si wauguzi bali ni walezi. Hilo si kosa, lakini ni haki yako kujua ni nani anayempa mzazi wako dawa.

Ndugu zetu walio Uingereza wana Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, ambayo hukagua makao ya wazee na kuwatangazia watu alichopata kila mmoja, kuanzia "bora kabisa" mpaka "duni". Hapa Mombasa au Malindi, usingoje wa kukukagulia. Mkaguzi ni wewe.

Nenda mara mbili

Mara ya kwanza nenda kwa miadi. Mara ya pili nenda bila kupiga simu, baada ya Magharibi au mwisho wa wiki, meneja akiwa hayupo. Hesabu: wazee ni wangapi, walezi wangapi, na usiku hubaki wangapi?

Tumia pua. Harufu ya mkojo chumba kimoja huenda ni ajali ya sasa hivi. Nyumba nzima ikinuka, hiyo ni mazoea. Tazama maji ya kunywa: yako karibu na mkono wa mzee, au yako mezani asikofikia? Kwa joto letu la kaskazi mzee hukaukiwa upesi, na kiu yenyewe hupungua umri unapokwenda, kwa hivyo hatadai. Kaa mpaka wakati wa chakula. Asiyeweza kujilisha analishwa na nani? Au sahani huwekwa mbele yake kisha ikaondolewa vile vile ilivyokuja?

Angalia kucha, midomo na miguu. Kisha angalia saa nne ya asubuhi wazee wanafanya nini. Ukiwakuta wote wamelala vitini mbele ya televisheni, uliza wanapewa dawa gani, na nani aliyeziandika.

Maswali matano

La kwanza: asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya muda gani, na huandikwa wapi? Aliye kitandani kwa kawaida hugeuzwa kama kila saa mbili, kutegemea godoro na hali ya ngozi yake. Usitosheke na jawabu la mdomo. Omba uone daftari.

La pili: mara ya mwisho mzee kuanguka hapa ilikuwa lini, na mlibadilisha nini? Wakikwambia "hapa hawaanguki", ondoka. Wazee huanguka kila mahali. Unachotafuta ni watu wanaokiri na kujifunza.

La tatu: nani hutoa dawa, na je, mzee anaweza kupewa dawa ya kumtuliza bila jamaa zake kuambiwa?

La nne: akibadilika ghafla usiku, nani atampigia nani, na atapelekwa hospitali gani kwa gari gani? Mzee akianza kuropokwa kwa siku moja, usikubali kuambiwa "ni uzee tu". Maambukizi, hata ya njia ya mkojo, huweza kumvuruga akili mtu mzima kwa saa chache, na hutibika.

La tano: ada inajumuisha nini? Pampasi, dawa, daktari, kupelekwa hospitali? Ikipandishwa mtaarifiwa mapema kiasi gani? Na akitoka au akifariki katikati ya mwezi, mtarudishiwa nini? Yote haya yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kulipa.

Na yale ya kwetu

Ugonjwa wa kusahau mara nyingi huanza na lugha alizojifunza mtu ukubwani, ukamrudisha kwenye ile aliyonyonya nayo. Mzee aliyefanya kazi ofisini kwa Kiingereza miaka 30 huenda akabaki na Kiamu, Kibajuni au Kigiriama tu. Je, kuna mlezi atakayemuelewa akisema anaumwa?

Uliza nani atakayemuosha mamako, mwanamke au yeyote aliye zamu. Uliza nyama inatoka wapi, na kama atasaidiwa kutawadha na kuelekezwa kibla. Na kama mzee wenu ni Mkristo, uliza kama padri au mchungaji anaruhusiwa kumtembelea. Uliza pia siku akifa usiku, mtaarifiwa saa ngapi na maiti mtakabidhiwa lini. Hilo si uchuro. Afadhali kuuliza leo kuliko kuja kugombana langoni na mazishi yanangoja.

Muulizeni mwenyewe

Mara nyingi vikao vya familia hufanywa chumba cha pili huku mzee akisikia. Katiba yetu, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Basi kulipa ada hakututoi sisi wajibuni. Mpelekeni akale chakula cha mchana pale kwanza. Hata aliyepotewa na kumbukumbu, uso wake utawaambia.

Akishaingia

Pangianeni zamu za kumtembelea, na saa zisiwe zile zile. Aliye ng'ambo asitume pesa tu. Akipiga simu ya video, aombe kuonyeshwa miguu. Kila ukienda, mguse: chini ya mgongo, nyonga, visigino. Kidonda cha kulala huanza kabla ngozi haijachanika. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivyo tafuta kwa vidole penye moto, ugumu au maumivu. Na makao yakikutaka uombe ruhusa siku mbili kabla ya kumuona mamako, usiingie mkataba nao.

Mamangu mkubwa yuko makao mengine sasa. Hayana bustani, sakafu ni ya saruji. Siku ya kwanza muuguzi alifunga mlango, akamvua nguo taratibu mbele yangu, akamtazama mwili mzima, akaandika kila alama pamoja na kile kidonda, kisha akanipa karatasi nitie sahihi. Kidonda kilichukua miezi kufunga. Ile karatasi ninayo bado, na kila nikienda huenda nayo.