Mawe ya Olorgesailie, hesabu za Kilimani

Kuanzia Julai hadi Desemba, mgeni wa ng'ambo anayeingia Maasai Mara upande wa Kaunti ya Narok hulipa dola 200 kwa siku. Nusu ya kwanza ya mwaka hulipa dola 100. Viwango hivyo vilianza 2024 na vikazua kelele nyingi, lakini magari bado yanapanga foleni kando ya Mto Mara nyumbu wanapovuka. Kwenye barabara ya Magadi, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Nairobi, kuna Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yaliyochongwa zaidi ya miaka laki tano iliyopita yamelala pale pale yalipokutwa. Kiingilio cha huko, hata kwa mgeni wa ng'ambo, kwa miaka mingi kimehesabiwa kwa mamia ya shilingi.

Msafiri husikia bei hiyo akafurahi. Mwenye kampuni ya utalii katika mtaa wa Kilimani, Nairobi, hufanya hesabu nyingine kabisa. Faida yake hutokana na asilimia anayoongeza juu ya gari, kitanda na kiingilio. Mahali ambapo mteja atakaa saa mbili, hatalala, na langoni atatoa noti chache tu, asilimia hiyo haijazi hata tangi la mafuta. Ndiyo maana katika orodha za safari zinazouzwa mtaani humo, Olorgesailie hukaa chini kabisa, miongoni mwa safari za siku moja, baada ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, kituo cha ndovu yatima na cha twiga.

Kilimani ni mahali pazuri pa kuipima biashara hii. Kati ya Ngong Road, Argwings Kodhek na Lenana, kampuni za utalii zimejibanza kila mahali: ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa, nyumba ya vyumba viwili iliyogeuzwa ofisi, au meza moja katika ukumbi unaokodishwa kwa mwezi. Mhudumu halali anahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, chombo kilichotokana na Sheria ya Utalii ya 2011, na wale wanaotaka kuaminiwa zaidi hujiunga na chama cha kampuni za utalii, KATO, kilichopo tangu 1978. Uwanja wa ndege wa Wilson, zinakoanzia ndege ndogo za kwenda mbugani na Lamu, hauko mbali. Wageni nao wamejaa mtaani kwenyewe, kwa sababu Kilimani imekuwa makao makuu ya nyumba za kupangisha kwa usiku mmoja au wiki, zile ambazo kila mtu huziita Airbnb hata zisipotangazwa kwenye mtandao huo.

Kuna kejeli ndogo hapa. Mtaa unaouza mambo ya kale haujaacha lake la kale lisimame. Nyumba za vigae zilizojengwa enzi ya ukoloni kwenye viwanja vya nusu ekari zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mashine za kuchimba misingi ya maghorofa hushuka chini kuliko mwanaakiolojia yeyote aliyewahi kupata kibali Nairobi.

Safari ya Olorgesailie yenyewe ni rahisi kuipanga. Dereva mwenye uzoefu huchukua wateja mapema, huwakwepesha msongamano wa Rongai kwa kupitia Karen na Ngong hadi Kiserian, kisha barabara huteremka kwenye Bonde la Ufa na joto hupanda kwa kila kilomita. Saa tano asubuhi jua huwa tayari limekolea, kwa hiyo anayechelewa kutoka Nairobi huwa amewaharibia wateja wake siku. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliyagusia mawe hayo mwaka 1919, lakini ni Mary na Louis Leakey waliouchimba uwanja huo miaka ya 1940, wakitumia pia nguvu za Waitaliano waliokuwa mateka wa vita. Uamuzi wao wa kibiashara, kama tunaweza kuuita hivyo, ulikuwa wa busara: sehemu kubwa ya mashoka hayakubebwa. Yaliachwa chini, likajengwa daraja la mbao la kupitia juu yake. Nairobi ilipoandaa kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale mwaka 1947, wajumbe walipelekwa kuyaona.

Tangu 1985 Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, chini ya Rick Potts, imefanya utafiti huko pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 2018 walichapisha matokeo ambayo yangepaswa kuwasisimua wafanyabiashara kuliko watu wengine wote. Katika tabaka lenye umri wa miaka 320,000 hivi walipata zana ndogo za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano lenye makali, ilhali obsidiani haipatikani Olorgesailie. Ilitoka mbali, mahali pengine hadi kilomita 90 hivi. Pamoja nayo kulikuwa na udongo wa rangi uliokwaruzwa makusudi. Watafiti wanaona hapo dalili za mitandao ya kubadilishana vitu kati ya makundi ya watu, yaani shughuli ambayo Nairobi inaifanya hadi leo kwa M-Pesa. Hadithi kama hiyo inajiuza yenyewe. Lakini ni nani humsimulia mgeni?

Hapo ndipo mnyororo wa thamani unapokatika. Kukodi gari na dereva kwa siku moja hupita shilingi elfu kumi bila taabu, mafuta yakiwa juu au ndani ya bei hiyo. Chakula cha mchana, mara nyingi nyama choma upande wa Kiserian au Olepolos, huchukua maelfu mengine. Kiingilio hufuata kwa mbali. Maelezo, ambayo ndiyo bidhaa halisi, hutolewa na mwongozaji wa makumbusho aliyeajiriwa papo hapo, na malipo yake ya ziada hutegemea mkono wa mgeni. Kampuni ya Kilimani hainunui maarifa hayo. Huyapata bure na kuyajumlisha katika bei.

Madereva waongozaji wa Kenya ni hodari, na chama chao, KPSGA, kimekuwa kikiwapima tangu miaka ya 1990 kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mitihani hiyo hugusa historia na jamii, lakini sifa ya dereva hujengwa kwa wanyama na ndege. Atakutofautishia aina za tai kwa mbali, akifika kwenye shoka la mawe atasema ni la zamani sana, kisha atatazama saa. Halaumiki. Mteja aliyemlipa alitaka simba, na muda wake wa kusoma ameutumia kwa simba.

Maarifa hayako mbali. Katika mtaa jirani wa Kileleshwa, Barabara ya Laikipia, kuna Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, BIEA, iliyohamia Nairobi kutoka Dar es Salaam miaka ya 1960. Neville Chittick, aliyeiongoza hadi 1983, alichimba Kilwa na baadaye Manda, na jarida la Azania limetoka tangu 1966. Maktaba ya BIEA ina karibu kila kitu ambacho mwongozaji angehitaji kujua kuhusu miji ya mawe ya pwani. Kutoka ofisi nyingi za utalii za Kilimani, ni mwendo wa bodaboda wa dakika chache.

Kwenye barabara kuu ya Nakuru mambo ni mepesi zaidi. Kariandusi, karibu na Gilgil, na Hyrax Hill, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, ni vituo vya kunyoosha miguu kwa watu wanaokwenda Ziwa Nakuru. Vinashindana na maduka ya vinyago yenye vyoo safi. Mara nyingi vyoo hushinda.

Pwani ndiko kwenye pesa, na huko kampuni za Kilimani hupata sehemu ndogo. Julai 2024, mji wa kale wa Gedi uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ukiungana na Lamu iliyoorodheshwa 2001, Ngome ya Yesu ya Mombasa iliyoorodheshwa 2011 na ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, iliyoorodheshwa 2018. Kabla ya hapo magofu ya Gedi yalikuwa yamelindwa kisheria tangu 1927, na James Kirkman alianza kuyachimba 1948. Misikiti, kasri, visima na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, vyote vimo ndani ya msitu, karibu na Watamu na Malindi.

Mkazi wa Kilimani anayetaka kwenda bila kupanda ndege huteremka hadi Syokimau, pengine kwa Expressway, na kupanda treni ya Madaraka Express. Nauli ya daraja la kawaida, iliyokuwa shilingi 1,000, ilipanda hadi 1,500 Januari 2024. Daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Nauli hiyo hulipwa kwa simu na haipitii kwa wakala, ambaye hubaki akiuza hoteli na gari la kumpokea mgeni katika kituo cha Miritini, Mombasa. Kwa sababu hoteli za Watamu na Malindi zina mawakala wao, mgawo wa Nairobi ni mdogo zaidi.

Pengine somo la kiuchumi lililo bora kuliko yote Gedi liko nje ya magofu. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo, ambao makao yake yako hapo hapo, umekuwa ukinunua pupa za vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuziuza nje, kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Mgeni huingia kwa ajili ya mawe, lakini jirani wa magofu hulipwa kwa ajili ya mdudu, mwaka mzima, awepo mtalii au asiwepo. Ni maeneo machache ya kale katika ukanda huu yanayoweza kuonyesha mkondo wa fedha kama huo.

Soko jingine liko mlangoni pa kampuni hizi na karibu halijaguswa. Kilimani na Hurlingham zina wakazi wengi Wachina, migahawa yao na maduka yao ya vyakula. Gedi imetoa vigae vya kauri za China kwa wingi. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya walianza kuchimba pamoja Mambrui, kaskazini mwa Malindi, na mwaka 2013 sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa China ilipatikana kisiwani Manda. Kwa mteja mwenye hamu ya safari za Zheng He, baharia wa mfalme huyo, huo ni mzunguko wa siku nne uliokwisha kujipanga. Matangazo mengi bado yanamwonyesha simba yule yule.

Ukitaka kuona simba na mifupa vikiuzwa pamoja, tazama Olduvai, Tanzania. Makumbusho yake mapya, yaliyofunguliwa 2017, yako karibu na njia inayotoka Ngorongoro kwenda Serengeti, hivyo magari ya wanyama huyalisha bila tangazo. Kampuni ya Kilimani inaweza kuuza safari hiyo, lakini chini ya makubaliano ya 1985 gari lake haliingii mbugani upande wa pili. Wateja hubadilisha gari mpakani, kwa mfano Namanga, na sehemu kubwa ya malipo hubadilika nao.

Wateja waliobaki ni Wakenya wenyewe. Shule ndizo zimekuwa mhimili wa makumbusho, zikija kwa mabasi muhula wa kwanza na wa pili, kisha zikipungua muhula wa mitihani. Siku hizi kuna pia vikundi vya vijana vinavyokusanyika kwa WhatsApp, kulipa lipa mdogo mdogo na kuondoka alfajiri Jumamosi kupanda Mlima Olorgesailie. Wengi wao hupita karibu kabisa na uwanja wa mashoka wakiwahi kileleni kabla ya jua. Mpangaji wa safari akiongeza kituo cha saa moja wakati wa kurudi, gharama haipandi sana, na langoni huingia watu 30 kwa mkupuo.

Turkana ni habari tofauti. Huko ndiko mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alikookota mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya kale ya kijana wa Nariokotome, ambayo sasa ni fahari ya makumbusho ya Nairobi, na ndiko zilikopatikana zana za mawe za Lomekwi zenye umri wa miaka milioni 3.3. Lakini kufika kunahitaji ndege au siku kadhaa za barabara, na bei yake huwafukuza wengi. Richard Leakey, mwana wa Mary na Louis, alitaka kuileta hadithi hiyo karibu na mji. Mwaka 2019 ilitangazwa michoro ya jumba la makumbusho la Ngaren, kazi ya msanifu Daniel Libeskind, lijengwe Loodariak juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Leakey alifariki Januari 2022 kabla ya jumba kusimama.

Kwa hivyo wateja wa uhakika wa Koobi Fora, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, wamekuwa wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo, wanaolipa karo ili wakachimbe na kuchekecha udongo kwa wiki kadhaa katika shule ya uwandani inayoendeshwa na Makumbusho ya Kitaifa kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani. Hulala kwenye hema na kula kinachopikwa kambini. Mwenye nyumba Kilimani huwapangisha usiku mmoja au mbili kabla ya kuondoka, na mwingine wakirudi na nguo za kufua.