Amonia: Uvumbuzi Unaolisha Nusu ya Dunia

Mfuko wa urea wa kilo 50 anaoununua mkulima wa Songea ili akuzie mahindi yake una kilo 23 za nitrojeni. Nitrojeni yote hiyo ilikuwa hewa, hewa hii hii tunayoivuta, kabla kiwanda hakijaigeuza kuwa amonia. Wapo watakaoutaja moto, maandishi au chanjo kuwa uvumbuzi mkuu kuliko wote, na hoja wanazo. Mimi nautaja huu, maana wanasayansi wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wasingepata chakula cha kutosha bila mbolea itokanayo nao.

Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, na hakuna mmea unaotengeneza protini bila nitrojeni. Hata hivyo mahindi hugeuka manjano kwa kuikosa ilhali yamezungukwa nayo pande zote. Hewani atomu za nitrojeni hukaa mbilimbili, zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mmea hauna uwezo wa kuvikata. Radi huvikata kidogo. Kazi kubwa hufanywa na bakteria, wakiwamo wale waishio katika vinundu vya mizizi ya kunde, maharage na njugu. Wazee wetu waliopanda kunde katikati ya mahindi walikuwa wanairutubisha ardhi, na walijua kwa kuona kuwa inafaa.

Karne ya 19 Ulaya ilianza kuelemewa na watu wake, samadi ikawa haitoshi. Meli zikaenda Peru kuchukua kinyesi cha ndege cha visiwa vya Chincha, kisha nitrati ya jangwa la Atacama. Kwa ajili ya jangwa hilo Chile ilipigana na Peru na Bolivia kuanzia 1879, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Mpaka leo haina bahari. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza William Crookes alionya mjini Bristol kwamba ngano haitawatosha walaji wake, akawataka wanakemia waitafute nitrojeni hewani.

Aliyeipata ni Fritz Haber, Karlsruhe, Ujerumani. Mwaka 1909, akisaidiwa na Robert Le Rossignol aliyebuni mitambo ya kuhimili shinikizo kubwa, alikutanisha nitrojeni na hidrojeni kwenye joto la nyuzi 500 hivi na shinikizo la karibu mara 200 ya hewa ya kawaida, juu ya kichocheo cha madini adimu ya osimi. Amonia ikaanza kudondoka.

Matone ya maabara hayalishi mtu. Kampuni ya BASF ilimkabidhi kazi Carl Bosch, na kwangu hapa ndipo ulipo ushujaa wa habari hii. Osimi ilikuwa chache mno duniani, kwa hiyo Alwin Mittasch na wenzake walijaribu maelfu ya michanganyiko hadi wakafika kwenye chuma kilichotiwa viungo vichache, kitu rahisi na tele. Kisha mabomba yakaanza kupasuka. Bosch aligundua kuwa hidrojeni ilikuwa inapenya ndani ya chuma cha mabomba na kula kaboni iliyokipa ugumu. Akaweka bomba la ndani la chuma laini kisicho na kaboni, akalizungushia la nje gumu, akalitoboa la nje matundu madogo ili hidrojeni inayopenya itoke bila madhara. Septemba 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi.

Mwaka mmoja baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, na amonia ile ile ikageuzwa kuwa baruti za Ujerumani iliyokuwa imezibiwa njia ya nitrati ya Chile. Haber mwenyewe alisimamia gesi ya sumu ya klorini iliyofunguliwa dhidi ya askari wa adui huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Siku chache baadaye mkewe Clara Immerwahr, naye mwanakemia, alijiua. Doa hilo halifutiki, hata kwa Nobel aliyopewa Haber ya mwaka 1918.

Mwaka 1900 dunia ilikuwa na watu bilioni 1.6 hivi; sasa imepita bilioni 8. Lakini mbolea inayowalisha haitumiki sawa kila mahali. Kwingine humwagwa kupita kiasi, ikatiririka na mito hadi Ghuba ya Mexico, ambako mwani huota na samaki hukosa oksijeni. Kwetu tatizo ni kinyume. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006, wastani wa mbolea iliyotumika ulikuwa kilo 8 hivi za virutubisho kwa hekta. Waliazimia kufikia kilo 50 ifikapo 2015, wasifikie. Bei ilipopaa mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza, Tanzania ililazimika kurudisha ruzuku.

Siku hizi hidrojeni ya amonia hutolewa zaidi kwenye gesi asilia. Nigeria imeelewa hilo: kiwanda cha Dangote kilichozinduliwa 2022 kimejengwa kutoa tani milioni 3 za urea kwa mwaka. Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, inaitumia kuzalisha umeme, na urea bado inashushwa bandarini kutoka ng'ambo. Mipango ya kiwanda cha mbolea Kilwa imezungumzwa kwa miongo. Wenye mamlaka wakijenge.