MSUMENO MDOGO NA MTI USIOPENDWA



Tukitembelea vikundi hapa Garissa na pande za Wajir na Mandera, na tukiuliza, "Mnataka kuanza mradi gani?", jibu mara nyingi ni mbuzi au duka. Hayo ni mambo mazuri. Lakini mbuzi wanataka mvua, na duka linataka wateja wenye pesa. Leo tunataka kuongea juu ya kazi ndogo inayoweza kufanyiwa chini ya kivuli cha mwarobaini, hata wakati wa ukame. Ni kazi ya kukata nakshi za mbao kwa msumeno mwembamba.

Katika nchi nyingi watu huifanya kwa kujifurahisha tu, jioni wakitoka kazini. Hatusemi itawatajirisha. Tunasema inafundisha mikono, inawakalisha watu pamoja, na inatumia mti ambao karibu sote tunaulaani.

NI MSUMENO GANI HUU?

Msumeno wa kawaida wa seremala hukata mstari ulionyooka. Huu hukata mviringo, kona, majani, ndege na herufi. Una fremu ya chuma yenye umbo la herufi U. Kati ya ncha zake mbili hufungwa bledi nyembamba, karibu kama uzi, yenye urefu wa kama sentimita 13. Kwa kuwa ni nyembamba, inageuka ndani ya ubao bila kukwama.

Uko wa mkono, uko wa kukanyaga kwa mguu kama cherehani, na uko wa stima. Ule wa mguu ulienea Ulaya na Marekani katika miaka ya 1800, kabla stima haijafika majumbani. Mwaka 1895 kule Uingereza lilianza gazeti la kila wiki lililoitwa Hobbies, likawa linawapa wasomaji michoro ya kukata. Karani wa mjini na mfanyakazi wa shamba waliweza kukata mchoro ule ule, kisha kila mmoja akalinganisha kazi yake na ya mwenzake.

Mpaka leo wapenzi wa kazi hii wana desturi hiyo. Mtu akimaliza kitu haonyeshi kitu peke yake. Husema alitumia mbao gani, bledi gani, na wapi alikosea. Shikeni neno hilo la mwisho, tutalirudia.

KOSA LETU LISIWE LENU

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Kikundi chetu cha karakana kilikuwa na watu 12. Tulichanga pesa kwa miezi kadhaa, tukanunua mashine ya stima. Siku ile ilipofika tulishangilia kama tumepata gari. Wiki ya pili bledi zilizokuja nayo zikaisha, zote zimevunjika. Tukazunguka maduka ya vyuma mjini, hakuna. Mashine ikakaa chini ya gunia zaidi ya nusu mwaka.

Hapo manung'uniko yakaanza. Mmoja aliuliza, "Pesa zetu mlizifanyia nini?" Wengine wakaacha kuja. Tulipokaa chini kusemezana kwa ukweli tuligundua jambo la kuuma zaidi: kati ya watu 12, wanne tu ndio waliowahi kuigusa. Wengine walikuwa watazamaji wa mali yao wenyewe.

Tukaanza upya kwa misumeno ya mkono, mmoja kwa kila watu wawili. Bei yake yote haikufika hata nusu ya bei ya mashine. Bledi tuliagiza Nairobi, za kutosha miezi sita, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Kwa hivyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: kabla ya kununua chombo, ulizeni kipuri chake kinapatikana wapi. Na msinunue chombo kimoja kikubwa kama pesa hizo zinaweza kuwapa wote kazi mkononi.

MATHENGE: ADUI MWENYE MBAO NZURI

Mbao za saipras hutuletea malori kutoka bara, na bei yake mnaijua. Lakini kando ya mto Tana tumezungukwa na mathenge. Mti huu, ambao wataalamu wanauita Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika. Uliletwa Kenya mwaka 1973, ukapandwa pwani karibu na Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, na katika miaka hiyo ya 1980 ukapandwa pia kwenye mradi wa kunyunyizia maji wa Bura, jirani zetu. Nia ilikuwa njema: kuzuia jangwa na kupata kuni. Baadaye ukatoroka. Umefunga njia za mifugo, umemeza malisho, na maganda yake matamu yameharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa magugu hatari.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mbao za mathenge ni ngumu na nzito. Kiini chake kina rangi nzuri ya kahawia inayokaribia wekundu, na zikikauka hazijikunji sana kama mbao nyingine nyingi. Shida yake ni kwamba mti wenyewe ni mfupi na umepinda. Huwezi kupata ubao wa futi kumi. Lakini kazi ya nakshi haitaki futi kumi! Inataka kipande cha sentimita 20 au 30. Kile ambacho fundi wa paa anakitupa, ndicho tunachokitafuta sisi.

Tena hapa hatuharibu msitu. Ndugu zetu Wakamba wamejulikana miaka mingi kwa kuchonga, na miti yao waliyoipenda, mpingo na mhugu, ilipungua sana. Ndipo wachongaji wengi wakageukia mwarobaini, ambao unakua haraka. Sisi tukikata mathenge, hakuna atakayetulaumu. Lakini mwombeni ruhusa mwenye ardhi, na mzungumze na chifu na ofisa wa misitu kwanza.

Kata shina nene kiasi cha paja. Vaa viatu vigumu, maana mwiba wa mathenge si mchezo: hutoboa hata gurudumu la baiskeli, na jeraha lake hufura. Pasua shina likiwa bichi, upate vibao vya unene wa sentimita moja hadi mbili. Paka rangi kwenye ncha ili zisipasuke. Vipange kivulini, ukiweka vijiti katikati ili hewa ipite. Sehemu ya nje iliyo nyeupe iondoe, kwa sababu wadudu huipenda. Vikikauka, vipige randa mpaka unene wa milimita sita hivi. Anayejifunza aanze na plaiwudi nyembamba, iliyo laini zaidi, halafu aje kwenye mathenge.

KUKATA, HATUA KWA HATUA

1. Chora mchoro kwenye karatasi, uibandike juu ya ubao kwa gundi kidogo. Weka alama ya X mahali patakapotolewa. Bila X utakata ndege ubaki na shimo la ndege.

2. Funga bledi meno yakitazama chini, upande wa mpini. Msumeno huu hukata ukiuvuta chini, si ukiusukuma juu.

3. Ikaze bledi vizuri. Ukiigusa kwa kidole ilie kama uzi wa zeze. Bledi iliyolegea hupinda, na iliyopinda huvunjika.

4. Tengeneza kibao cha kufanyia kazi chenye pengo la umbo la V, ukifunge kwenye ukingo wa meza. Ubao wako ulale juu yake, na bledi ishuke ndani ya pengo.

5. Mahali pa ndani, toboa tundu kwa keekee. Fungua bledi upande mmoja, ipitishe tunduni, ifunge tena, ukate.

6. Kwenye kona usilazimishe. Endelea kupandisha na kushusha msumeno papo hapo huku ukigeuza ubao pole pole. Ubao ndio unaogeuka, si mkono wako.

7. Maliza kwa tupa ndogo na msasa, kisha vanishi.

Kwa herufi kuna fumbo kidogo. Ukikata herufi O kuwa tundu, kitovu chake kitaanguka. Acha vidaraja viwili vyembamba vya kushikilia kitovu hicho. A, B, D na R ni hivyo hivyo, na hata herufi za Kiarabu zenye kijicho.

Vumbi la mbao ngumu ni jambo la kuangalia sana. Mwaka 1995 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fanyeni kazi nje penye upepo, funikeni pua na mdomo, na watoto wadogo wasikae pale.

MICHORO IKO HAPA HAPA

Msihangaike kutafuta picha za kasri na theluji. Tazameni kijiko cha mbao cha Wasomali kiitwacho fandhaal, au barkin, ule mto wa mbao wa kulazia kichwa. Mistari yake inayosukana kama mkeka ni michoro tayari. Jirani zetu wa Lamu wana milango yao iliyochongwa kwa patasi. Unguja kuna jengo la Zahanati ya Kale, lililojengwa kuanzia 1887 hadi 1894, na baraza zake za ghorofani zimepambwa kwa mbao za nakshi. Tena kuna twiga, ngamia na vitu vya kwetu wenyewe: mgunga, mkoma, mashua ya mto Tana.

Hapa kwetu kuna kitu kingine kinachohitajika kila mwaka, nacho ni marufaa, kile kiegemezo cha kuwekea Kurani wakati wa kusoma. Namna rahisi ni ya vibao viwili. Cha kwanza hukatwa nafasi pana kutoka chini mpaka karibu na katikati, kikabaki na miguu miwili. Cha pili hupunguzwa pande zote mbili sehemu ya chini, kikabaki na mguu mmoja unaopita katika nafasi ile. Vikipishana vinasimama kama herufi X. Jaribuni kwanza kwa boksi la karatasi ngumu.

Lakini tunawasihi: msikate maneno matakatifu kwa kubahatisha. Vipande vya herufi huanguka chini na kukanyagwa, na jambo hilo linaweza kuumiza moyo wa jirani. Mwendeeni sheikh au mwalimu wa dugsi mumwulize. Sisi tulimwendea mzee mmoja na mchoro wetu. Alituambia tuache maneno, tutumie nyota na maua. Kisha akaagiza marufaa mbili. Ushauri ule ulikuwa biashara na ujirani kwa wakati mmoja.

MEZA YA JUMAMOSI

Sasa turudi kwenye lile neno la kukosea. Tulipoanza upya tuliweka meza moja kila Jumamosi, na sheria tatu.

Ya kwanza, kila mtu alete alichokata, hata kama kimevunjika. Ya pili, mwenye kazi aseme mwenyewe alipokosea kabla ya wengine kusema. Ya tatu, mchoro mzuri unanakiliwa na kuwekwa katika faili la kikundi, ukiwa na jina la aliyeuchora, na wote wanaruhusiwa kuutumia.

Mwanzoni watu waliona haya. Mama mmoja alificha ngamia wake kwenye leso kwa sababu mguu ulikuwa umekatika. Alipomtoa, wengine watatu wakakiri kuwa wao pia walivunja mguu ule ule. Basi tukajua kosa si la mkono wake, ni la mchoro: miguu ilichorwa ikifuata upana wa ubao badala ya kufuata nyuzi za mbao. Tukageuza mchoro, na miguu haikuvunjika tena. Kama angemficha, tungeendelea kuvunja ngamia mpaka leo.

NA PESA?

Tuseme ukweli. Mwaka wa kwanza msitegemee kula kwa kazi hii. Hesabuni kila kitu: bledi, msasa, vanishi, nauli, na saa zenu. Kibao chenye jina la mtoto hukatwa kwa muda mfupi na hununuliwa na mzazi. Ngamia wa mapambo huchukua siku nzima, na mnunuzi wake lazima mumtafute. Wekeni sehemu ya kila mauzo katika sanduku la bledi, na sanduku hilo lisiguswe hata kwa harambee.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, tunasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli ujuzi wa kuchonga miti na wa kazi za kila namna. Naye Nuhu, ambaye sisi na ndugu zetu Waislamu sote twamheshimu, alitumwa kufanya kazi ya mbao. Basi kazi ya mikono isidharauliwe. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Yule mama wa ngamia sasa ndiye anayetunza faili letu la michoro, na ndiye anayewashika mkono wageni siku ya kwanza. Mashine ya stima nayo tumeitoa chini ya gunia, inafanya kazi. Wote 12 wanajua kuitumia.

Kazi kwenu, na Mungu aibariki mikono yenu.