Hedifoni Bora kwa Sikio Lililochoka

Katika maeneo ya dhahabu ya Shinyanga na Geita, sikio huanza kazi tangu alfajiri. Kwenye migodi mikubwa, kama ule wa Bulyanhulu na ule wa Geita, miamba hulipuliwa kwa baruti na kusagwa kwa mitambo. Kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na kwingineko, makarasha na jenereta hunguruma kutwa. Jioni, mfanyakazi arudipo nyumbani na kufungua kompyuta mpakato ili asikilize muziki, huvaa hedifoni, yaani spika ndogo za masikioni. Madukani ziko za aina na bei nyingi. Je, mnunuzi aongozwe na kipimo gani? Hedifoni bora ni ile inayomwezesha msikilizaji kuufurahia muziki kwa sauti ndogo.

AKIBA YA SIKIO

Sauti ni mtetemo wa hewa. Ndani ya sikio, katika mrija uliojikunja mfano wa kombe la konokono, zimo seli zenye vinywele ambazo hugeuza mtetemo kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa, hazioti tena. Baada ya kelele kubwa, usikivu hupungua kwa muda, na huenda mtu akasikia mlio mwembamba masikioni. Hapo ndipo ilipo hatari: muziki humfikia hafifu, naye huongeza sauti na kulizidishia mzigo sikio lililokwisha kuchoka.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano vilitoa kiwango cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima, kiwango hicho ni desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa maradufu, na muda salama hupungua kwa nusu. Hivyo desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa 5 tu.

Mtu aliyeshinda saa 8 penye kelele ya desibeli 85, bila vizibo vya masikio, amekwisha kupokea nishati sawa na ya saa 25 za desibeli 80. Siku moja imekula zaidi ya nusu ya akiba ya wiki nzima.

UMBO LA HEDIFONI

Ndani ya hedifoni mna sumaku, koili na kiwambo chembamba. Umeme unaobadilika upitapo katika koili, koili hutikisika na kukitikisa kiwambo, nacho huisukuma hewa.

Hedifoni zenye mgongo wazi hupitisha hewa, lakini hupitisha pia kelele za nje. Zinafaa katika nyumba tulivu. Zenye mgongo uliofungwa, zinazofunika sikio lote, huzuia sehemu ya kelele. Ila katika joto la Shinyanga hutoa jasho. Ndogo za kuziba tundu la sikio nazo huzuia kelele, mradi mpira wake ulienee tundu barabara. Penye mwanya, sauti nzito hutoroka. Msikilizaji wa ngoma za Wasukuma atakosa mshindo wake, naye atakimbilia kuongeza sauti.

Ziko pia hedifoni zenye maikrofoni inayoipokea kelele ya nje. Hedifoni hutoa wimbi la kinyume, ili kilele cha moja kikutane na bonde la jingine, yote mawili yafifie. Njia hii hufaa zaidi kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama wa jenereta.

UMEME WA KOMPYUTA

Hedifoni za waya huandikwa ukinzani wake kwa omu. Chukulia kompyuta inayotoa volti 0.5. Nguvu ni kipeo cha pili cha volti kugawanywa kwa ukinzani. Hivyo hedifoni ya omu 32 hupata miliwati 7.8, na ya omu 300 hupata miliwati 0.83 tu. Zikiwa sawa katika mengine yote, ya pili itakuwa chini kwa karibu desibeli 10. Kwa kompyuta ya nyumbani, omu chache zatosha. Zile zisizo na waya zina kikuza sauti chake ndani, kwa hiyo hesabu hii haizihusu.

Maandishi ya "Hezi 20 hadi 20,000" yasimvutie mnunuzi kupita kiasi. Hayo ni masafa ambayo sikio changa laweza kusikia, na huandikwa hata juu ya hedifoni duni.

JARIBIO LA DARASANI

Katika chumba kimya, mwanafunzi acheze wimbo mmoja, aanze na sauti ndogo, aipandishe mpaka imridhishe, kisha aandike namba iliyo kwenye kioo cha kompyuta. Arudie vivyo hivyo karibu na jenereta, au mvua inaponyesha juu ya bati, kwa muda mfupi tu. Atoe namba ya kwanza katika ya pili. Hedifoni mbalimbali zikijaribiwa hivi, ile yenye tofauti ndogo kuliko zote ndiyo inayolihifadhi sikio vizuri zaidi.

Hata hivyo, hakuna hedifoni inayorudisha akiba iliyokwisha kutumika. Kwa mfanyakazi wa karasha, ununuzi wa kwanza ni vizibo vya masikio vya kazini, hedifoni hufuata.