Kirikuu imeliwa na kutu: uitengeneze au uifungue uuze spea?

Tangu watu waone siku hizi naleta mzigo stendi kwa gari la kukodi, swali ni moja tu: "Dada, kirikuu yako iko wapi, si ungeitengeneza?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naeleza yote hapa. Najua wengi wenu mna gari la zamani la kusambazia oda, na kutu inawanyima usingizi kama ilivyoninyima mimi.

Kwa wasionijua, nauza mchele wa Pawaga, maharage na vitunguu. Oda napokea WhatsApp na Instagram, mzigo unapanda basi kwenda Dar, Dodoma na Morogoro. Stoo yangu iko Mlandege, mabasi yako stendi ya Igumbilo. Anayeijua Iringa anajua maana yake: unashuka mlima wa Ipogolo na mzigo, halafu unaupanda tena ukirudi. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na kirikuu yangu, Suzuki Carry, kwa miaka mitatu. Niliinunua milioni 4 na laki 3 kutoka kwa mtu aliyekuwa akiitumia Kigamboni. Kutu niliiona siku ile ile, na bei ilikuwa chini kwa sababu hiyo hiyo. Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mvua za mwaka huu zilipoisha, mdogo wangu anayeiendesha akaniambia gari linavuta upande mmoja, na nyuma linalia likiwa na mzigo. Tukaipeleka kwa fundi wa bodi, mzee mmoja ambaye hana maneno mengi. Hakuangalia hata milango. Alilala chini na bisibisi na nyundo ndogo, akaanza kugonga chesisi kutoka mbele kwenda nyuma. Ngo, ngo, ngo, inalia vizuri. Alipofika pale springi ya nyuma inaposhikwa, sauti ikawa bubu, kama unagonga boksi. Akachomeka bisibisi, ikaingia.

"Mwanangu," akasema, "mlango hata ukidondoka utafika nyumbani. Hapa pakikatika hufiki."

Ukiacha mengine yote, lichukue hilo. Kutu ya kwenye gari si moja. Kuna kutu ya ngozi: milango, madigadi, boneti, kingo za bodi la nyuma. Ile inaudhi macho na inashusha bei, lakini haiui mtu. Halafu kuna kutu ya mifupa: chesisi, mahali springi na shokapu zinaposhikwa, sakafu chini ya kiti cha dereva, mahali mkanda unapofungwa, na paipu za breki zinazopita chini. Wengi tunatibu ngozi tukiacha mifupa, kwa sababu ngozi ndiyo mteja anaiona.

Jirani yangu ana Corolla ya zamani ambayo madigadi yake yalikuwa yametoboka kabisa, ukiitazama unasema hii ni mkweche wa kutupa. Fundi akakata sehemu mbovu, akachomelea bati jipya, akapiga rangi ya kuzuia kutu. Laki 2 na 20. Chini kote kulikuwa kuzima. Gari linapiga kazi mpaka leo. Yeye alifanya sawa, na mimi kwa gari lile ningefanya vile vile.

Jambo jingine ni huu mzigo. Vigari hivi Japani vimetengenezwa kwa sheria ya magari madogo: injini isizidi cc 660, na mzigo usizidi kilo 350. Kilo 350 ni magunia matatu na nusu ya kilo 100. Sasa niambie nani hapa kwetu anapakia magunia matatu na nusu! Tunapakia saba, nane, na mtu juu anashikilia turubai. Chuma kizima kinavumilia, hatusemi kwa nini. Chuma kilicholiwa na kutu hakivumilii, na kinachoka pale pale penye springi, kwa sababu uzito wote unatua hapo.

Kwa nini ilioza nyuma na si mbele? Fundi alinionyesha. Chesisi ina uwazi ndani na ina vitundu vya kutolea maji. Tope la barabara za vijijini linaziba vile vitundu, maji yanakaa ndani na chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Ukiona upele kwa nje, ndani kumeshakwisha. Gari likiwa limetoka Pwani lina chumvi tayari, na chumvi na maji ndiyo chakula cha kutu. Hata yanayotoka Japani moja kwa moja si salama yote, maana mikoa ya kaskazini yenye theluji kama Hokkaido wanamwaga chumvi za kuyeyusha barafu barabarani. Ukiagiza, omba karatasi ya mnada. Kwenye ule mchoro wa gari, herufi S maana yake kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Namba inayofuata ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Watu wanaangalia kilomita tu na kuziruka herufi.

Na ile tabia ya kupaka oili chafu chini ya gari? Inasaidia kidogo kwa chuma kizima. Juu ya kutu iliyokwisha anza haiponyi kitu, inaficha tu, na inaharibu bushi za mpira. Bora brashi ya waya, maji, na kuzibua vile vitundu kila baada ya mvua.

Turudi kwenye hela. Fundi alitaka milioni 1 na laki 6 na nusu: kukata chesisi pande zote mbili nyuma, kuchomelea chuma kinene, sakafu ya dereva, na paipu mpya za breki. Nikamuuliza itadumu muda gani. Akasema misimu miwili ya mvua, na hakutaka kuniahidi zaidi. Nilimheshimu kwa hilo. Fundi mwingine, ambaye simtaji, alisema laki 5 na puti juu, "itakuwa kama mpya". Puti ni ya kusawazisha bati kabla ya rangi. Haishiki springi.

Nikachukua daftari. Safari zangu ni kama 17 kwa mwezi. Kukodi kirikuu mpaka Igumbilo ni 15,000, jumla 255,000. Kwa gari langu mwenyewe, petroli 85,000, vifundifundi, oili na matairi wastani 60,000, bima ndogo ukiigawa kwa miezi kama 12,000. Jumla 157,000. Kwa hiyo gari lilikuwa linaniokolea 98,000 kwa mwezi. Mdogo wangu simhesabu, maana hata nikikodi yeye ndiye anayepakia na kushusha.

Laki 16 na nusu ukiigawa kwa 98,000 ni karibu miezi 17. Misimu miwili ya mvua ni kama miezi 20. Yaani ningefanya kazi mwaka mzima na nusu kurudisha hela ya fundi, nibaki na miezi mitatu ya faida, halafu chesisi inaanza tena. Na hela hiyo hiyo nikiiweka kwenye mchele, inazunguka ndani ya mwezi, na nikitoa gharama zote napata kama asilimia 8, ambayo ni 132,000. Mchele unanilipa kuliko gari. Hapo ndipo nilipofunga daftari.

Ila hesabu yako inaweza kutoka tofauti. Ukiwa ndani ndani Kilolo ambako gari la kukodi hulipati unapolitaka, au ukiwa na safari 40 kwa mwezi, kutengeneza kunaweza kulipa. Fanya ya kwako, usichukue yangu.

Sasa ugumu ulikuwa hapa. Alikuja dalali, akanipa milioni 2 na laki 7 nimwachie gari zima kama lilivyo. Alisema wazi atapiga puti na rangi, ana mteja wa kubeba viazi Mafinga. Nikilifungua spea nilikuwa natarajia milioni 2 na laki 4 hivi. Kwa hiyo alinizidi laki 3, tena cash, siku ile ile. Mama alisema chukua. Mdogo wangu akanyamaza, na yeye ndiye aliyekuwa akishuka nalo Ipogolo kila siku. Nikalala nalo usiku mmoja. Asubuhi nikamwambia dalali hapana. Kwanza madalali wengi hawabadilishi umiliki, kadi ingebaki na jina langu, na gari likiua mtu wanakuja kwangu. Pili, Iringa ni ndogo, na mimi biashara yangu ni watu kuniamini kwa kitu wasichokiona. Na tatu, nilijua bisibisi imeingia wapi.

Kufungua spea kulichukua wiki saba, si biashara ya siku moja. Injini na giaboksi vilitoka kwa milioni 1 na laki 3. Difu na springi 350,000. Milango, taa na vioo 280,000. Matairi na rimu 240,000, betri 50,000. Mabaki yakapimwa kilo 250 kwa 700, yakatoa 175,000. Jumla 2,395,000. Picha nilipiga mwenyewe na kuposti kama ninavyoposti mchele: kila kipande na kasoro yake. Kilichouzika haraka ni kile nilichosema ubovu wake mapema.

Kwa atakayefanya hivi, kabla hujaanza kukata piga picha namba ya chesisi, tunza kadi na pleti namba, na nenda TRA ufute usajili. Wanunuzi wa chuma chakavu walio makini watakuuliza kadi pia, kwa sababu magari ya wizi yanaishia huko huko. Na usiliache tu uani likioza. Tangu 2017 ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari lililopaki halikudai kitu na unalisahau. Lakini kila mvua inapunguza bei ya spea zako.

Hela yote iko kwenye mchele sasa. Nimeelewana na kaka mmoja mwenye kirikuu nzima, nilimwomba tulale chini na bisibisi kabla hatujakubaliana bei. Alicheka, lakini alikubali. Ni 15,000 kwa safari, mvua ikinyesha anaongeza 3,000, na magunia hayazidi manne.