Nembo Haina Haja ya Kusema Yote

Zitazame nembo za vikundi vya akiba na mikopo, shule za binafsi na asasi za kijamii, utakuta vitu vilevile vikijirudia: kitabu kilichofunguliwa, mwenge, mikono iliyoshikana, ramani ya nchi, jua linalochomoza, na kaulimbiu imezungushwa kwenye duara. Kila kimoja kimewekwa kwa nia njema. Kamati imekaa, kila mjumbe amependa wazo lake liingie, na hakuna aliyetaka kumvunja mwenzake moyo. Ikifika kwenye mhuri wa mpira, picha yote hiyo hugeuka doa la wino. Sidhani kosa ni la mchoraji. Kosa ni kuitaka nembo ieleze shirika, ilhali kazi yake ni kulitambulisha tu; maana itakuja baadaye, kutokana na yale shirika linayoyatenda.

Kenya ina ushahidi mzuri wa jambo hili. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 21, 2005, tume ya uchaguzi iliwapa waliounga mkono rasimu alama ya ndizi, na waliopinga wakapewa chungwa, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura yake bila kubahatisha. Tunda hilo halikuwa na uhusiano wowote na katiba wala madaraka ya rais. Hata hivyo, kampeni zilipokwisha, chungwa lilikuwa limebeba msimamo mzima wa kisiasa. Rasimu ilikataliwa kwa takriban asilimia 58 ya kura, na tunda lile likawa jina na alama ya chama, Orange Democratic Movement (ODM), ambacho Raila Odinga aligombea nacho urais mwaka 2007. Naamini kwamba kama upande huo ungepewa ndizi, ndizi ingebeba uzito uleule.

Kinachotafutwa, basi, ni umbo linaloweza kubeba maana litakayopewa: liwe rahisi kukumbukwa, lisifanane na la jirani, na listahimili uchapaji hafifu. Shirika la kuhifadhi wanyamapori la WWF lilipoanzishwa mwaka 1961 lilichagua panda, wakati ambapo panda aitwaye Chi-Chi alikuwa akivutia watu kwenye bustani ya wanyama ya London. Uzuri wa mnyama huyo ulichangia, lakini pia rangi zake ni nyeusi na nyeupe, hivyo gharama za uchapaji zilipungua. WWF hushughulikia pia misitu na bahari, ambazo hazimo kwenye nembo yake, na hakuna aliyechanganyikiwa kwa hilo. Kwetu sababu ya uchapaji ina nguvu zaidi: barua hupigwa fotokopi, na fotokopi nayo ikapigwa fotokopi, nembo huchorwa kwa brashi ukutani, kisha ikatazamwa kwenye kiduara cha WhatsApp. Kabla kamati haijaipitisha, ichapwe kwa wino mweusi peke yake, upana wa sentimita mbili. Kisha aonyeshwe mtu asiyeijua, naye aichore kwa kumbukumbu. Atakachokisahau kiondolewe.

Kuna watakaosema kwamba shirika changa halina miaka ya kusubiri umbo lake lizoeleke, kwa hiyo nembo lazima ijieleze yenyewe. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake ni jina. Liandikwe kwa herufi zinazosomeka, kando ya mchoro, nalo litaeleza vizuri kuliko mwenge. Pingamizi gumu zaidi ni hili: kama maana huja baadaye, si umbo lolote litafaa? Halifai, kwa sababu maumbo mengine huja yakiwa yamekwisha kubeba maana. Msalaba mwekundu juu ya nyeupe, uliokubaliwa Geneva mwaka 1864 kuwa alama ya huduma za matibabu vitani, ni mchoro ambao mtoto anaweza kuuchora; lakini mwaka 1876, katika vita, Dola ya Uthmaniya ilitangaza kwamba ingetumia hilali nyekundu badala yake, kwa kuwa askari wake Waislamu waliuona msalaba kuwa alama ya dini nyingine. Alama hizo mbili zimetumika sambamba tangu hapo, na bado zilikuwapo nchi ambazo hazikutaka hata moja. Mwaka 2005 ikakubaliwa ya tatu, umbo jekundu la almasi, na sifa iliyolipatia nafasi ni kwamba halikuwa na maana yoyote ya kidini, kisiasa wala kitaifa.