Sigara ya umeme: dawa ya kuacha fegi, au kuhamisha mzigo bega?

Hapa Kolandoto washikaji wanaorudi kutoka machimbo ya Geita wananiuliza: eti sigara ya umeme inasaidia kuacha fegi? Nimefuatilia, majibu ndio haya.

Ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik. Betri inachemsha kimiminika chenye nikotini, wewe unavuta mvuke. Tumbaku haiungui, kwa hiyo ile lami ya moshi haipo. Nikotini ndiyo inakufanya mtumwa, lakini muuaji mkubwa ni moshi.

Inasaidia? Utafiti wa Uingereza wa 2019 ulifuata wavutaji 886, wote wakapewa na ushauri. Baada ya mwaka, waliotumia sigara ya umeme 18% walikuwa wameacha fegi. Waliotumia bandiko, bigijii za nikotini na kadhalika: 9.9%. Ila sasa, kati ya hao walioacha kwa umeme, 80% walikuwa bado wanavuta mvuke!

Uganda waliipiga marufuku kwa sheria ya 2015, na Shirika la Afya Duniani lilisema 2023 kuwa ushahidi hautoshi.

Mchimbaji, vumbi la mwamba tayari linakuweka karibu na TB, na moshi unaongeza. Kuvuta vyote viwili sio kuacha. Kama hujawahi kuvuta, usiguse. Kama unavuta, anza kwa daktari, muulize bandiko na ushauri.

Haya, nani kaacha? Alitumia njia gani?